Nimemwahidi shemeji, lakini moyo wangu unataka kwenda porini na Mzee

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 41, na huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie Anchorage, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, ambako ninafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege. Nina mke na watoto wawili. Ninakuandikia kwa sababu nina jambo nililolibeba moyoni tangu majira ya baridi, na kila nikijaribu kulizungumza nyumbani linageuka kuwa ugomvi.

Huku watu wengi hutegemea nyama ya porini. Mtu akishaishi katika jimbo hili kwa miezi 12 mfululizo huhesabiwa kuwa mkaazi, hukata leseni kwa bei nafuu, na akijaliwa kumpata mnyama mmoja tu, friza ya familia hujaa mpaka mwaka unaofuata. Anayetafutwa zaidi ni musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mrefu kuliko farasi, ambaye dume lake huota pembe pana kama makafi ya ngalawa. Nimewahi kumpata mmoja miaka minne iliyopita, karibu na barabara, tukiwa watu watano wenye magari. Mwaka huu nimeamua kufanya safari niliyoitamani kwa muda mrefu: siku kumi za mwezi Septemba katika bonde la mto Kuskokwim, magharibi mwa safu ya milima ya Alaska, mahali pasipo na barabara wala mtandao wa simu. Rubani atatushusha ziwani kwa ndege ndogo inayotua majini, ataondoka, kisha atarudi siku ya kumi iwapo hali ya hewa itamruhusu. Kwa sababu ya uzito, ndege yake huchukua abiria wawili na mizigo yao, basi. Malipo ya awali nimekwisha kutoa, na rubani anataka majina mawili kamili kabla ya tarehe 15 Julai.

Jina la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana miaka 43. Ndiye aliyetupokea siku tulipofika huku, tukakaa kwake miezi mitano bila kuulizwa hata senti ya umeme. Katika majira yetu ya kwanza ya baridi aliona vidole vyangu vimekuwa vyeupe kabla mimi mwenyewe sijajua kuna tatizo, akavua glovu zake akanivisha. Mama yangu alipolazwa Tanga, alituma pesa bila mimi kumwomba. Miaka miwili iliyopita, siku ya Iddi, mbele ya watu, nilimwambia kwamba safari yangu ya kwanza ya ndege itakuwa mimi na yeye. Amekwisha kununua buti, na kila nikienda kwake namkuta amezivaa sebuleni ili zilainike. Amekwisha kuwaahidi nyama watu kadhaa msikitini.

Lakini ninamwogopa porini. Septemba iliyopita tulikwenda pamoja kwenye barabara ya Denali, ile ndefu ya changarawe, kuwinda ndege wa porini kwa siku moja. Aliacha njia mara mbili bila kuniambia, nikamtafuta kwa zaidi ya nusu saa. Usiku tulirudi kwangu, naye akaniachia bunduki yake ndogo niisafishe pamoja na yangu. Nilipofungua chemba pale sebuleni, risasi iliyokuwa mzima iliruka, ikaanguka kwenye zulia na kubingiria mpaka kwenye miguu ya binti yangu wa miaka sita, aliyekuwa akimvisha mwanasesere wake viatu. Tulikuwa tumesafiri saa nne na bunduki yenye risasi ndani, imelala kiti cha nyuma. Niliiokota nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu yeyote, si yeye wala mke wangu. Mpaka leo iko kwenye droo yangu ya soksi.

Mwingine ni Mzee mmoja tunayefanya kazi naye, mwenyeji wa huku, ana miaka 61, na amewinda porini tangu ujana wake. Mwezi Aprili nilikwenda naye kutembea milimani kwa siku tatu. Siku ya pili tulifika kwenye mto tuliopaswa kuuvuka. Alichovya fimbo yake, akautazama maji kwa muda, kisha akageuka na kuanza kurudi tulikotoka, bila kusema neno. Tulikuwa tumetembea saa nne, na hakunung'unika hata kidogo. Nilijisema moyoni: huyu ndiye. Yeye mwenyewe ameniambia kwamba yuko tayari. Ni mtu asiyezungumza sana. Usiku wa pili tumbo lilinikata vibaya, naye hakuniuliza kitu, nafikiri hakutambua. Wakati wa kupanda alisimama mara mbili akiwa ameshika kifua, lakini kasi yake kwa jumla ilinishinda. Hajawahi kubeba kifaa cha mawasiliano ya setilaiti na haoni haja yake.

Mke wangu anasema nikimwacha kaka yake nimchukue mtu baki, nitafute na maneno ya kumwambia mama yao. Nikimchukua shemeji, naogopa sitalala usingizi kwa siku kumi. Nikimchukua Mzee, naogopa nitarudi na nyama nikose ndugu. Ukizingatia kuwa tarehe inakaribia, naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi, Mwenye Ahadi, Anchorage.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo.

Nianze kwa kukuambia kwamba Alaska sijafika. Hata hivyo, marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori katika Selous, kwenye eneo ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na nyumba yetu ililelewa na maswali ya nani aende doria na nani. Zaidi ya hapo, kabla ya kukujibu nimezungumza kwa kirefu na wasomaji wetu wawili wanaoishi jimboni kwako na kuwinda kila mwaka, na yale nitakayoyasema kuhusu huko nimeyapima kwao.

Nikiielewa barua yako vizuri, una watu wawili na nafasi moja. Mmoja una deni lake: deni la makazi, la pesa, la glovu, na juu ya yote la ahadi uliyoitoa mbele ya watu, na sisi tumelelewa kuamini kwamba ahadi ni deni. Mwingine huna deni lake, ila una imani naye. Umeyaweka mambo haya kwenye mizani kana kwamba upande mmoja ni undugu na upande wa pili ni usalama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona kwamba mizani hiyo haijakaa sawa, kwa hiyo naomba tuitazame upya pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu mwenza huchaguliwa kwa kazi atakayoifanya. Wewe umewahi kumpata musi ukiwa na watu watano na magari, kwa hiyo sehemu ngumu zaidi ya uwindaji huu hujaionja. Dume kubwa huweza kuwa na uzito wa kilo 700 na zaidi, na likishachunwa na kukatwa hutoa nyama inayokaribia kilo 225. Nyama hiyo yote itatoka porini kwa migongo yenu miwili, kwenye tope na majani yanayofika magotini, safari baada ya safari, mpaka ziwani. Sheria ya huko haikuruhusu kuchukua pembe na mapaja ukaacha shingo na mbavu. Nyama yote inayolika lazima itolewe, na pembe haziruhusiwi kutangulia kuondoka kabla ya nyama. Wakati huohuo dubu wa kahawia wana pua zao, na mabaki ya mnyama ni mwaliko kwao. Kwa hiyo kufyatua risasi ni jambo la dakika moja, na baada yake huja siku mbili au tatu za kazi inayochosha watu kiasi cha kuwafanya wachukiane. Hapo ndipo unapomhitaji mwenzako. Hata siku ya kwanza kabisa itawapima: ukishasafiri kwa ndege, sheria inakukataza kumpiga mnyama mkubwa mpaka saa tisa ya usiku wa kuamkia siku inayofuata. Dume likipita mbele ya hema jioni mliyofika, nani kati ya hao wawili ataliangalia likipita na bunduki ikabaki imelala?

Sasa kuhusu shemeji. Wasiwasi wako una msingi, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba unakuza mambo. Bunduki yenye risasi ndani ya gari ni hatari kubwa kuliko dubu. Kutoka njiani bila kumwambia mwenzako, kwenye nchi inayokaribia kuwa mara mbili ya Tanzania kwa ukubwa, si jambo dogo. Lakini niruhusu nikuulize: je, shemeji anajua kwamba alikosea? Kwa maelezo yako, hajui. Uliiokota risasi ukaitia mfukoni, na kutoka mfukoni ikaingia kwenye droo. Tangu siku hiyo umekuwa ukimhukumu kila siku kwa kosa ambalo hajawahi kusomewa. Mtu anayenunua buti miezi mitatu kabla na kuzivaa sebuleni si mtu asiyejali. Huenda ni mtu ambaye hakuna aliyemfundisha, na ambaye angeona aibu kubwa kama angejua kilichobingiria miguuni pa mpwa wake. Huenda pia ni mtu ambaye angekasirika, akasema wewe ni mwoga, akabadilisha mazungumzo. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hukumpa nafasi ya kujibu. Jibu lake siku utakayomwonyesha risasi hiyo litakufundisha juu yake kuliko safari nzima ya barabara ya Denali.

Na mke wako, mwanangu, anatetea kaka yake akiwa na nusu ya habari. Kwake yeye, mume wake ameamua tu kumwacha ndugu aliyewapa mahali pa kulala na kumchukua mgeni. Kwa habari alizo nazo, hasira yake ni ya haki. Sisemi umwambie ili ashindwe. Nasema binti aliyekuwa pale kwenye zulia ni wake pia. Naelewa kwa nini ulinyamaza. Ulitaka kumstiri shemeji, na kumstiri ndugu ni jambo jema. Ila wahenga walisema mficha uchi hazai, na tangu Septemba kimya hicho kimezaa ugomvi tu nyumbani mwako.

Baba yangu alikuwa na desturi moja. Akipangiwa doria na askari mpya, siku ya kwanza hakuwa akimuuliza habari za shabaha. Walitembea, na ikifika kama saa nane mchana, jua likiwa kali, alimuuliza, "Umebakiwa na maji kiasi gani?" Mwenyewe alikuwa amekwisha kulisikia chupa la mwenzake likicheza kiunoni, kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Aliyesema "Yamekwisha, Mzee" alipewa maji na akaendelea kupangiwa naye. Aliyesema "Bado yapo mengi" huku midomo imekauka, baba aliomba apangwe na mtu mwingine mwezi uliofuata. Nakusimulia hili kwa sababu swali hilo linawahusu watu watatu katika barua yako, na wewe ukiwemo.

Tuje kwa Mzee. Nimeelewa kabisa kwa nini mto ule ulikuvutia. Mtu anayeweza kuzitupa saa nne za jasho kwa sababu maji hayakumpendeza, tena bila kununa, ni mtu adimu, na wale wasomaji wangu wawili walipolisikia jambo hilo walitikisa kichwa kwa heshima. Lakini katika sehemu ileile ya barua umeandika, kama kitu cha kupita, kwamba alisimama mara mbili ameshika kifua. Ukaongeza haraka kwamba kasi yake ilikushinda. Kwa nini uliongeza hivyo? Mtu wa miaka 61 anayeshika kifua kwenye mlima akiwa na mzigo wa siku tatu atabebaje nyama ya kilo 225 nusu kwa nusu na wewe? Pengine ni kiungulia. Pengine ni moyo, na ana dawa mfukoni ambayo hajakuambia. Na kama ni moyo, mahali pasipo na simu, pamoja na mtu asiyetaka kubeba kifaa cha setilaiti, wewe utakuwa nani hapo? Umeona jinsi hofu yako ilivyokuwa na macho makali kwa shemeji, na imani yako ikafumba jicho moja kwa Mzee.

Lipo pia suala la kimya chake. Kimya chenyewe si kasoro, na watu hawahitaji kuwa marafiki wa karibu ili wavushane. Mwaka 1895 Wanorwe wawili, Fridtjof Nansen na Hjalmar Johansen, waliiacha meli yao kwenye barafu wakajaribu kuifikia Ncha ya Kaskazini. Walishindwa, wakakaa majira yote ya baridi katika kibanda cha mawe walichokijenga wenyewe, wakila dubu na wanyama wa baharini waliowawinda, na mwaka 1896 wote wawili walirudi salama. Inasimuliwa kwamba kwa miezi mingi ya maisha hayo waliendelea kuitana kwa lugha ya adabu wanayoitumia watu wasiozoeana, mpaka usiku wa mwaka mpya walipokubaliana kuiacha. Kwa hiyo ukaribu si sharti.

Kinachonitia shaka ni ule usiku wa tumbo. Septemba huko ni mvua na baridi inayokaribia kugandisha, na mtu aliyelowa mwili wake ukianza kupoteza joto, akili yake hulegea pamoja na vidole. Huongea kwa kujikwaa, hudondosha vitu, na akiulizwa husema yuko sawa. Mwenye kupatwa huwa wa mwisho kujua. Maisha yake yapo kwenye macho ya mwenzake. Sasa kumbuka ni nani aliyeviona vidole vyako vyeupe kabla yako, na ni nani aliyelala jirani yako hema moja asijue kwamba unaumwa. Simaanishi kwamba hilo linamaliza mjadala. Mzee angeweza kukuambia kwamba hukusema kitu, naye hajazoea kumchunguza mtu mzima. Na ni kweli: hukusema.

Hapo ndipo ninapokuja kwako, na nasema haya kwa upendo. Barua yako imemchambua shemeji na imemchambua Mzee, lakini haina mstari hata mmoja kuhusu udhaifu wako wewe kama mwenza. Ila ninauona. Shemeji alikosea, ukanyamaza. Tumbo likakukata, ukanyamaza. Mke akakulaumu bila kujua, ukanyamaza. Ukiwa mjini, tabia hii huitwa upole, na bila shaka imekufanya upendwe. Siku ya saba ya safari, mmelowa, chakula kimepungua, mwenzako anataka kumfuata dume lililovuka upande wa pili wa kinamasi saa moja kabla ya giza, je, utaweza kusema "Hapana, turudi"? Na kama ni shemeji, aliyekuhifadhi miezi mitano, utaweza? Na kama ni Mzee, unayemstahi kiasi cha kufumba jicho? Ningekuwa mimi ni shemeji au Mzee, nami nikiandika barua kama yako, ningeuliza juu yako swali hilohilo.

Basi tuzitazame njia zilizo mbele yako, na zote zina miiba.

Waweza kumchukua shemeji, lakini si yule wa Septemba iliyopita. Kuna madarasa ya usalama wa bunduki na uwindaji jimboni kwenu, na katika baadhi ya maeneo sheria huyadai kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1986. Kwa umri wenu ninyi nyote wawili hamlazimishwi, lakini hakuna anayezuiwa, na mkienda pamoja hakuna atakayejiona amepelekwa kama mtoto. Kati ya sasa na Julai mngeweza kulala nje mara mbili au tatu, mvua ikinyesha hasa, mkabeba magunia ya mchanga badala ya nyama, mkapatana kwamba hakuna anayepotea machoni pa mwenzake bila kusema, na kwamba bunduki hukaguliwa na wote wawili kila zinapowekwa chini. Mwiba wake ni huu: ndugu ni vigumu kumwondoa akishaingia. Majaribio yakienda vibaya mwezi Juni, utaweza kumwambia? Na zile ahadi za nyama msikitini nazo zina uzito wao. Sheria ya huko hairuhusu nyama hiyo iuzwe, lakini kugawa inaruhusu kwa kuandikiana hati, na nia yake ni njema. Ila mtu aliyekwisha kugawa nyama ya mnyama ambaye bado anatembea huona ugumu kurudi mikono mitupu, na ugumu huo ndio unaowavusha watu mito wasiyopaswa kuivuka.

Waweza kwenda na Mzee. Hapo utahitaji mazungumzo mawili magumu badala ya moja. Itabidi umuulize waziwazi kuhusu kifua chake na umwombe aende kwa daktari kabla ya kutoa jibu, na useme kwamba kifaa cha setilaiti kitakuwemo kwenye mzigo, apende asipende, kwa sababu una watoto. Namna atakavyolipokea hilo itakuonyesha kama ule uamuzi wa mtoni ulikuwa busara yake ya siku zote au ulikuwa tu kwa sababu ameamua yeye. Halafu itabidi uende kwa shemeji uivunje ahadi ukiwa umesimama mbele yake, si kwa simu wala kupitia kwa dada yake. Undugu unaweza kulihimili jambo hilo, na unaweza usilihimili. Mambo mengine utayakosa pia: wa kuswali naye alfajiri kwenye ukungu, na wa kuelewa bila maelezo kwa nini unataka kusema Bismillahi kabla ya kufyatua. Umeyaacha hayo nje ya barua yako, lakini siku kumi ni nyingi.

Waweza kuomba ndege kubwa zaidi, au ndege hiyohiyo iende mara mbili, mkawa watatu. Kwa mgongo wa ziada wa kubeba nyama, ni wazo zuri. Gharama itapanda, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hao wawili hawajawahi kukutana, na wewe ndiye utakayekaa katikati ukimtafsiria kila mmoja tabia ya mwenzake, nawe ni mtu unayekwepa maneno magumu.

Waweza pia kuisogeza safari hii mbele kwa mwaka mmoja, ukapoteza malipo ya awali au sehemu yake, na Septemba hii ukawinda karibu na barabara ukiwa nao wote wawili, mahali ambapo kosa la mtu husahihishwa kwa kurudi kwenye gari. Wawindaji huko ni wengi na wanyama ni wachache, kwa hiyo pengine friza haitajaa. Najua pia kwamba kwa mtu aliyeingoja safari kwa miaka, neno "mwakani" linauma.

Kuna njia moja ambayo hukuitaja, lakini mtu aliyechoka na pande zote mbili huifikiria usiku: kwenda peke yako. Wale wasomaji wangu walinikumbusha kijana Christopher McCandless, ambaye mwaka 1992 aliishi peke yake katika basi lililotelekezwa huko Alaska. Alifanikiwa kumpiga musi, lakini akashindwa kuihifadhi nyama yake, ikaharibika, na baadaye mwaka uleule akafa palepale. Hali yake ilitofautiana na yako kwa mambo mengi, ila kazi ya kumshughulikia mnyama huyo peke yako ni ileile.

Hutaniona nikikuandikia jina la pili kwenye karatasi ya rubani. Mimi sitakuwa ziwani ndege itakapoondoka na mlio wake ukapotea nyuma ya milima; utakuwa wewe, na mmoja wa watu hawa wawili, ambao mimi nimewasoma kwa kurasa mbili tu. Ninachokuomba ni utaratibu. Anza na mke wako, watoto wakiwa wamelala, umweleze habari ya zulia yote, pamoja na sababu iliyokufanya unyamaze. Kisha nenda kwa shemeji, peke yako, siku ambayo hakuna anayewahi kazini. Usianze na safari. Anza na zile glovu, kwa sababu ni kweli na kwa sababu anastahili kulisikia hilo kwanza. Halafu toa ile risasi mfukoni, uiweke mezani, umwambie ilitoka wapi na iliishia wapi, kisha unyamaze. Hapo, kimya chako kitakuwa na kazi. Usimpe jibu la safari usiku huo, hata akikuomba. Kwa Mzee nenda baada ya hapo, na swali la kifua.

Tarehe 15 Julai bado ina wiki kadhaa. Ukishazungumza nao wote, niandikie tena, hata kama ni mistari mitano. Nitapenda kujua Mzee alijibu nini, na nitapenda zaidi kujua shemeji alifanya nini na mikono yake alipoiona risasi ile mezani.